Kesi ya Nguruwe na Ngamia Ahera

Ahera ya wanyama haina moto wala pepo, ina foleni. Huanzia kwenye lango la miiba, hupita chini ya mbuyu mkavu, huishia mbele ya meza ya Kobe. Kobe alipewa uhakimu kwa sifa mbili: hana haraka, na kwa kuwa anatembea na nyumba yake, hadai posho ya malazi. Karani wake ni Kasuku. Huyu huandika yote yanayosemwa, na yasiyosemwa huyaongeza mwenyewe, jambo ambalo Kobe huliita uzoefu.

Siku hiyo mdai alikuwa Nguruwe. Alikuja na kichwa kilichopasuliwa katikati, ndani hamna kitu, akaomba nishani.

"Ya nini?" akauliza Kobe.

"Ya kuituliza dunia maumivu, mheshimiwa."

Ngamia alikuwa mkekani. Akainuka, miguu ya nyuma kwanza, akahamia upande wa pili wa mbuyu. Kondoo akamfuata. Hawakusema kwa nini wanahama, wala hakuna aliyewauliza.

"Mimi ni wa Aberdeen, Scotland," Nguruwe akaanza. "Alfajiri, kabla jua halijachomoza, kijana mmoja mtafiti, John Hughes, alikuwa akija machinjioni kwa baiskeli. Ana vifaa vya kupasulia, ana barafu kavu, na ana chupa ya wiski. Wiski hainywi yeye. Ni ya wachinjaji, ili wawe wepesi wa kutoa na wazito wa kuuliza. Akatuchukua bongo zetu, akazipeleka kwa mzee wake, Hans Kosterlitz, mwenye asili ya Kiyahudi, aliyeikimbia Ujerumani mwaka 1934. Mzee alikuwa amekwisha fika umri wa kustaafu, lakini nani wa kumwambia? Wakazisaga bongo zetu, wakazichuja, wakarudia kuzichuja. Mwaka 1975 wakatangaza kwamba ubongo wa nguruwe unajitengenezea afyuni yake. Wakaiita enkefalini. Ni shanga 5 tu za asidi amino kwenye uzi mmoja, na nyuzi ziko za namna mbili: shanga 4 za mwanzo ni zilezile, ya mwisho ndiyo inayotofautiana. Mpaka siku ile walimwengu waliamini kwamba faraja ya namna hiyo hutoka kwenye ua peke yake."

Akamtupia jicho Bibi Afyuni.

Bibi Afyuni hakuwa mnyama, lakini alikuwa na kiti cha wageni wa heshima, kama ambavyo wenye mali huwa nacho kila mahali. Alivaa zambarau, kichwani kibuyu kidogo chenye mikwaruzo inayotoa utomvu. Alitabasamu tu. Miaka elfu na elfu amewatumikia wafalme na wagonjwa, na tangu Mjerumani Sertürner alipomkamua mofini mwanzoni mwa karne ya 19, hana sababu ya kubishana na nguruwe.

"Shahidi wa kwanza," akasema Kobe, "ni enkefalini yenyewe. Aingie."

Kasuku akaita. Akaita tena. Lango likafunguka, kikaingia kitu kilichokatwakatwa, hakijulikani kichwa wala mkia. Wakaita nyingine, nayo ikafika vipande. Ndipo Nguruwe akaeleza kwamba mwilini mna vimeng'enya vyenye kazi ya kuikata enkefalini mara inapomaliza shughuli, na mara nyingine hata kabla haijaanza. Maisha yake ni mafupi mno kuhudhuria kikao. Kasuku akaandika: *Shahidi amekataa kutoa ushirikiano.*

Akasimama Panya wa Baltimore, naye kichwa kitupu. Huyu alikuwa na maneno machache lakini yenye uzito. Akasema kwamba mwaka 1973, miaka miwili kabla ya habari za Aberdeen, mwanafunzi wa uzamivu aitwaye Candace Pert na mwalimu wake Solomon Snyder waliuchukua ubongo wake wakagundua kwamba umejaa viti. Ndiyo, viti: vidogo, vimechongwa juu ya ngozi ya seli za neva, na afyuni huvikalia sawasawa kana kwamba fundi alimpima makalio. Mwaka huohuo wenzao wa New York na wa Uppsala, Sweden, waliviona pia. Baadaye vikaonekana kwa nyani, kwa ndege, hata kwa samaki.

"Sasa mheshimiwa," akasema Panya, "samaki ameonana lini na Bibi Afyuni?"

Baraza likanyamaza. Hata mimi ninayesimulia nilipolisikia swali hili nilikaa kidogo. Hakuna mwenye nyumba achongaye viti kwa ajili ya mgeni asiyemjua. Kama viti vipo, basi yupo wa nyumbani anayevikalia, na hilo ndilo lililowatoa watu kitandani Aberdeen alfajiri na chupa ya wiski.

"Na ulivijuaje viti kama haviketiwi na mtu?" akauliza Kobe.

"Kwa huyo hapo."

Wote wakageuka. Nyuma kabisa alikuwa amekaa mtu mwembamba, kimya, mikono magotini. Naloksoni. Hakualikwa, na hapendwi. Ana tabia moja: hukalia viti vya watu. Hali, hasemi, hafungui mlango, hafungi. Anakaa tu, na akishakaa hakuna mwingine wa kukaa. Kule Baltimore walimpaka alama ya mionzi, wakamwaga juu ya ubongo uliosagwa, kisha wakahesabu ameketi wapi.

"Kwa hiyo nishani ni yangu," akamaliza Panya.

"Bila utumbo wangu mngejua nini?" akapaza sauti Simbilisi. Akaeleza, na hapa hata Ngamia alitega sikio. Kipande cha utumbo wake kilining'inizwa ndani ya birika la maji ya chumvi ya uvuguvugu, juu kimefungwa uzi, uzi umeunganishwa na kalamu ya kuandika mitetemo. Kikapigwa shoti ndogo ya umeme. Kikaruka. Shoti, kikaruka. Shoti, kikaruka. Ndipo Hughes akadondosha maji yaliyochujwa kutoka kwenye ubongo wa nguruwe. Shoti, kikajitikisa kivivu. Shoti, kimya. Akadondosha Naloksoni. Shoti, kikaruka kama mwanzo. Hapo ndipo walipojua kwamba kilichomo ndani ya yale maji kinakalia viti vilevile vya mofini.

Panya mdogo mweupe akadai kwamba na yeye alining'inizwa kwenye birika, ila kwa kiungo ambacho mbele ya watoto hakitajwi, mshipa upitishao mbegu za kiume. Kasuku akaandika *mkia*.

Ikafika zamu ya Ngamia. Alisogea mbele shingo imenyooka, shingoni amevaa mkufu mrefu. "Mimi natoka Iraq," akasema, "na sikuletwa na baiskeli. Bwana Choh Hao Li, mkuu wa elimu ya homoni kule California, alikuwa akitafuta homoni fulani ndani ya tezi ya pituitari, ile iliyoning'inia chini ya ubongo. Mwanafunzi wake akampelekea tezi zetu. Homoni aliyokuwa akiitaka hakuipata ya kutosha. Akapata hii." Akautikisa mkufu. "Shanga 31. Beta-endofini, mwaka 1976. Ikidungwa ndani ya ubongo inamwacha Bibi Afyuni mbali sana. Shanga 31, waheshimiwa! Siyo 5."

Makofi yakapigwa. Kondoo alipiga zaidi ya wote, maana homoni iliyokuwa ikitafutwa ilipatikana kwanza kwake, na alitaraji kutajwa. Hakutajwa.

"Zihesabiwe," akasema Kobe.

Kasuku akaruka hadi shingoni kwa Ngamia akaanza kuzisoma shanga moja moja. Tairosini. Glaisini. Glaisini. Fenilalanini. Methionini. Akanyamaza. Akageuka kuutazama uzi wa Nguruwe mezani. Akarudi shingoni. Akasoma tena.

"Mheshimiwa, hizi 5 za mwanzo…"

"Endelea na za mbele," akasema Ngamia haraka.

"…ni za Nguruwe."

Hakuna aliyecheka, kwa heshima ya umri wa Ngamia. Yeye alidai marudio ya hesabu, akadai karani mwingine, akadai kwamba shanga zilipachikwa usiku na mahasidi. Lakini ndivyo ilivyo: yeyote wa ukoo huu atakaye kukalia kile kiti hujitambulisha kwa herufi 4 zilezile mwanzoni, awe wa Iraq au wa Aberdeen, awe na uzi mrefu au mfupi. Dainofini, ndugu yao wa tatu aliyetangazwa na Avram Goldstein wa Stanford mwaka 1979, naye huanza vivyo hivyo, ingawa huyu hupendelea kiti kingine na akikikalia humletea mtu unyonge badala ya raha. Hakuja barazani. Alitumwa mtu kumwita, akarudi amenuna.

Kobe akataka kujua jambo moja, kwani kwake lilikuwa zito kuliko nishani. "Mwili una dawa yake. Vizuri. Mbona basi hapa foleni nzima inalia? Nani anaigawa, na kwa kigezo gani?"

Akasimama Panya mwingine, mzee, wa mwaka 1969, mwenye mshono tumboni. Alipasuliwa tumbo akiwa macho, bila dawa ya usingizi, huku sindano ya umeme ikisisimua katikati ya ubongo wake. Hakuruka, hakulia. "Pale katikati ya ubongo," akasema, "kando ya mfereji mwembamba wa maji, pana ofisi. Kutoka hapo amri hushuka hadi kwenye uti wa mgongo, ambako wajumbe wa maumivu huingilia. Amri ikishuka, mlinzi huwaambia wajumbe: rudini kesho."

"Na ofisi humhurumia nani?"

"Muulizeni Simba."

Simba wa Mabotsa alikuja na risasi zake mwilini. "Mwaka 1844," akasema, "kusini mwa Afrika, nilimrukia mzungu aliyekuwa akishindilia bunduki. Jina lake David Livingstone. Nikamtia meno kwenye mkono wa kushoto, karibu na bega, nikamtikisa, mfupa ukasagika, nikamwachia alama 11. Baadaye aliandika kwamba wakati ule hakusikia maumivu wala hofu. Alikuwa kama anaota, na huku anaona kila kitu. Akasema ni rehema ya Muumba kwa viumbe wanaoliwa."

"Wewe ulimhurumia?"

"Nilikuwa nataka kumla."

"Basi ile rehema ilitoka ofisini," akasema Panya mzee. Hakuna aliyempima Livingstone kitu chochote siku ile, kwa hiyo tusiape. Ila panya wengi wamepimwa tangu hapo, na habari yao ni hiyohiyo: mnyama akitishwa vya kutosha, ganzi huja, na kwa namna kadhaa za kitisho Naloksoni akipewa kiti ganzi hupungua. "Lakini msiite huruma," Panya akaendelea. "Ofisi haimwangalii anayelia zaidi. Inamwangalia ambaye bado ana mbio za kupiga. Mguu umevunjika na chui yuko nyuma? Kimbia kwanza, fomu ya maumivu utajaza jioni. Ukishafika salama kitandani, umelazwa, umetulia, huna tena manufaa kwa mtu, ndipo wajumbe wote hufunguliwa lango kwa pamoja."

"Kuna mwingine aliyeumwa siku ile?" akauliza Kobe.

"Mebalwe," akasema Simba. "Alikuja kumwokoa mwenzake, nikamng'ata paja. Kama alisikia maumivu sijui. Kitabu hakikuwa chake."

Farasi naye akaomba dakika moja. Akajisifu kwamba yeye ni mnyama wa imani, ndiyo maana mchungaji akimkaza mdomo wa juu kwa kamba na kijiti, hutulia kabisa hata akichomwa sindano. Akaambiwa kwamba Uholanzi walimpima damu, matokeo yakachapishwa mwaka 1984: mdomo ukikazwa, endofini hupanda. Siyo imani. Farasi akauliza kama ni lazima hilo liandikwe.

Wakati huo Bibi Afyuni alikuwa amechoka kusikia wengine wakisifiwa. Akainuka, akaanza kupita mkekani akigawa utomvu wake bure, kama afanyavyo daima siku ya kwanza. Panya wakatulia. Simbilisi akasinzia. Alipomfikia Fuko, yule mdogo asiye na manyoya kutoka ardhi kavu za Kenya, Ethiopia na Somalia, akampa tone kubwa kwa kumhurumia uchi wake. Fuko akatetemeka. Kisha akamvamia ndugu yake aliyekaa naye, meno mbele.

Ilikuwa fujo. Tembo alilazimika kuwatenganisha. Fuko ngozi yake haiwashwi na tindikali wala pilipili, na mofini kwake imeshika njia yake yenyewe: mwaka 1990 Titus Kanui wa Chuo Kikuu cha Nairobi na mwenzake walichapisha kwamba mofini haimtulizi, humfanya mgomvi. Bibi Afyuni alikung'uta gauni. "Wapo wasio na adabu," akasema. Katika miaka yake yote hakuzoea kiti kumkataa.

Katikati ya fujo Kasuku alipata habari kutoka duniani, akaisoma kwa sauti. Binadamu nao wamegawana nishani. Mwaka 1978 tuzo ya Lasker, ambayo Marekani huitazama kama kizingiti cha Nobel, ilikwenda kwa Hughes, Kosterlitz na Snyder. Candace Pert, yule mwanafunzi aliyeketi na mirija, hakutajwa, na alilalamika waziwazi.

Wanyama walicheka sana. Wakasema binadamu hawana haya. Kisha wakarudi kwenye kesi yao, Ngamia akapendekeza kwamba nishani ipewe wenye shingo ndefu, Nguruwe akapendekeza ifuatwe alfabeti ya majina ya miji, Simbilisi akaamka na kusema ataukatia rufaa uamuzi wowote, hata ule utakaompa ushindi.

Kobe hakuwa na nishani. Hakuwa nayo tangu asubuhi, fungu halikupitishwa. Lakini mezani pake, ndani ya kopo, alikuwa na mshauri: Gego la mwisho, lililong'olewa San Francisco. Gego likamnong'oneza. Mwaka 1978 watu waliong'olewa magego walipewa dawa bandia isiyo na kitu ndani, na baadhi yao wakapata nafuu ya kweli, kwa kuwa waliitarajia. Ofisi ilifunguliwa kwa matumaini tu. Naloksoni alipoletwa, maumivu yao yakazidi.

Kobe akakohoa. Akaagiza majani makavu yakunjwe vizuri, yapigwe muhuri, yagawiwe kila mdai. Ndani ya majani hamkuwa na kitu. "Hii," akasema kwa sauti nzito, "ni stahili yako. Usiifungue mbele ya wenzako."

Ilifanya kazi kuliko alivyotegemea. Nguruwe alilia kwa furaha, akasema kichwa hakimgongi tena. Ngamia akarudi mkekani mwenyewe, akaketi hatua mbili kutoka kwa Nguruwe, ambazo kwa Ngamia si hatua. Panya mweupe akasema kwamba hata aitwe mkia, sasa haidhuru. Upepo ukapita mbuyuni na kila mmoja akasifu busara ya baraza.

Naloksoni akasimama nyuma, akaja mbele, akatafuta kiti. Akakaa.

"Jani langu ni tupu," akasema Nguruwe mara moja. "Na langu!" akasema Simbilisi. Ngamia akahama tena. Kelele zikarudi, safari hii zikiwa na hesabu za miaka, za shanga na za matusi ya koo, mpaka Kobe akagonga gamba lake mezani na kuitisha kura: Naloksoni afukuzwe. Ilipita bila kupingwa. Kasuku aliandika kwamba ndiyo kura pekee ya umoja katika historia ya ahera, na kwa mara hii hakuongeza kitu. Majani mapya yakaanza kukunjwa.

Naloksoni alitoka bila kubisha. Langoni akakuta kijana. Binadamu kwa kawaida hupitia lango la pembeni, lakini huyu alikuwa amepotea njia, midomo ya buluu, pumzi moja, kisha kimya kirefu, kisha pumzi nyingine. Bibi Afyuni alikuwa amemtangulia, amejikalisha kwenye vile viti vilivyoko shina la ubongo, panapoamriwa kupumua. Alikuwa amekaa vizuri, ameegemea, hana mpango wa kuinuka.

Naloksoni hakusema neno. Alimsukuma kwa bega, akakaa yeye.

Kijana akavuta pumzi kwa nguvu, akafumbua macho, akajikunyata kwa baridi na maumivu ya viungo vyote kwa mpigo. Kitu cha kwanza alichofanya ni kumtukana. Alimtukana yeye, mama yake na kijiji chao, akamuuliza nani alimtuma kuja kuharibu starehe ya watu.

"Rudi kwenu," Naloksoni akamwambia. "Usilale peke yako leo. Mimi kitini sikai sana, nusu saa, pengine saa moja na nusu. Huyu Bibi ana subira kuliko mimi, na anaweza kurudi kukaa nikishaondoka. Waambie wakupeleke hospitali na dozi nyingine iwe karibu."

Kijana akaondoka akitukana njia nzima, kwa sauti ya mtu mwenye pumzi za kutosha.